Kwa Nini Wanafizikia Hushuka Kilomita Mbili Chini ya Ardhi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nafundisha fizikia hapa Mombasa. Kila nikizungumzia maabara za chini ya ardhi mbele ya wanafunzi au wazazi wao, maswali huwa yaleyale, na mengi ni mazuri kuliko ya vitabuni. Nimeyakusanya hapa na majibu yake. Ukiwa na haraka, soma kwanza jibu la usafi, chini ya swali "Ukishafika chini, kelele zimekwisha?" Ndilo ninalotaka lieleweke kuliko yote, kwa sababu watu wengi hudhani kazi ni kuchimba shimo refu, basi.

Maabara ya chini ya ardhi ni kitu gani hasa?

Ni ukumbi wa utafiti uliochongwa ndani ya mwamba, mara nyingi kilomita moja au mbili kutoka juu, ambamo huwekwa vigunduzi vya kunasa matukio adimu mno. Huenda likatokea tukio moja kwa mwaka, na pengine hata hilo lisitokee. Huku juu kigunduzi hichohicho kingepigwa na mionzi mingine usiku na mchana, na kulitafuta tukio lile moja ingekuwa kama kumsikiliza mtu anayenong'ona sokoni Kongowea alfajiri, malori ya vitunguu yakishusha.

Hizo "kelele" zinatoka wapi?

Nyingine zinatoka juu. Protoni na viini vya atomi kutoka anga za mbali huigonga hewa iliyo juu yetu kila wakati. Victor Hess aligundua jambo hili mwaka 1912 akiwa ndani ya puto: kadiri alivyopanda, vipimo vyake vilionyesha mionzi inaongezeka badala ya kupungua. Alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1936. Migongano hiyo huzaa chembe nyingine, na inayotufikia kwa wingi huku chini ni muoni, ambayo ni kama elektroni lakini nzito zaidi yapata mara 207. Kunjua kiganja chako: takriban muoni moja inakipita kila sekunde, nawe husikii chochote.

Nyingine zinatoka pande zote. Urani na thori, elementi zenye mionzi ya asili, zimo kwenye mawe, kwenye saruji, kwenye mchanga. Potasiamu-40, aina ya potasiamu yenye mionzi, imo kwenye ndizi, kwenye viazi na kwenye mwili wako. Mtu mzima wa kilo 70 hutoa mionzi ya potasiamu-40 zaidi ya mara 4,000 kila sekunde, na amekuwa akitoa mionzi hiyo tangu azaliwe. Kisha kuna radoni, gesi inayovuja kutoka mawe yenye urani na kuingia popote penye ufa.

Sisi wa Pwani tuna nafuu kidogo kwa zile za juu. Tuko usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yote iko juu yetu kama blanketi, na tuko karibu na Ikweta, ambako usumaku wa dunia hugeuza chembe nyingi zenye nishati ndogo. Mholanzi Jacob Clay aliliona hilo mwaka 1927 akisafiri na vipimo vyake kwa meli kati ya Java na Uholanzi: karibu na Ikweta mionzi ilishuka. Ndugu zetu wa Nairobi, mita 1,700 juu, wanapata zaidi.

Ukuta mnene hautoshi? Hata wa Fort Jesus?

Hautoshi. Muoni ya kawaida huwa na nishati ya takriban GeV 4 (GeV ni kipimo cha nishati ya chembe), na hupoteza kama nusu GeV kwa kila mita ya mwamba. Kwa hiyo mita nane hivi za mwamba zinaizuia muoni ya wastani. Tatizo ni kwamba zimo zenye nishati mara mia na mara elfu ya hiyo, na hizo hupita kwenye mamia ya mita bila kusimama. Kuta za Fort Jesus zilijengwa kukinga mizinga, na kwa muoni zinapunguza sehemu tu. Ili zipungue mara milioni moja unahitaji mlima.

Maabara hizi ziko wapi?

Kubwa inayojulikana zaidi ni Gran Sasso nchini Italia, yenye mita 1,400 za mwamba juu yake. Huku juu, kila mita ya mraba hupitiwa na muoni kama 10,000 kwa dakika. Ndani ya Gran Sasso ni moja hivi kwa saa. Kanada kuna SNOLAB, kilomita mbili chini, ndani ya mgodi wa nikeli wa Creighton karibu na Sudbury, na pale mita ya mraba hukaa siku tatu au nne kabla ya kupitiwa na muoni moja. China wana Jinping, yenye mita 2,400 za mwamba, ambayo kwa sasa ndiyo yenye kina kuliko zote. Ufaransa wana Modane, Uhispania Canfranc, Uingereza Boulby, Japani Kamioka, na Marekani wana Sanford, ndani ya uliokuwa mgodi wa dhahabu wa Homestake, South Dakota.

Mbona karibu zote ziko ndani ya migodi au kando ya barabara?

Kwa sababu ya pesa. Hakuna anayechimba kilomita mbili kwa ajili ya fizikia peke yake. Gran Sasso iliingizwa kando ya handaki la barabara kuu lenye kilomita 10, na malori huingia na mizigo hadi mlangoni. Canfranc imetumia njia ya reli iliyoachwa. Kwenye mgodi mambo ni magumu zaidi, maana kila kitu lazima kitoshee kwenye lifti ya wachimbaji. Kisichotosha hukatwa vipande juu na kuunganishwa chini.

Ukishafika chini, kelele zimekwisha?

Hapana. Kina huondoa kelele za juu tu. Mwamba uliokukinga na muoni una urani na thori yake mwenyewe, na umezungukwa nao pande sita. Kuanzia hapo kazi inayobaki ni usafi, na ni usafi wa kiwango ambacho hospitali haihitaji.

Chukua SNOLAB. Anayeingia kazini hushuka asubuhi pamoja na wachimba nikeli, akiwa na kofia ngumu, taa na mabuti. Akitoka kwenye lifti hutembea kama kilomita moja na nusu ndani ya handaki lenye vumbi, ambako mwamba wenyewe una joto la nyuzi 42. Mlangoni mwa maabara huosha mabuti, huvua kila kitu, huoga mwili mzima na nywele, kisha huvaa nguo safi zisizotoa nyuzi. Kompyuta na bisibisi nazo hufutwa moja moja. Yote hayo ni kwa sababu chembe ya vumbi la mgodi ina urani na thori, na ikitua kwenye kigunduzi inaweza kutoa kelele kuliko mlima mzima ulioko juu.

Jasho nalo lina potasiamu, kwa hiyo vifaa vya ndani havishikwi kwa mkono mtupu. Alama ya kidole ni uchafu wa mionzi.

Kisha kuna radoni. Nusu ya radoni huoza kila baada ya siku 3.8, lakini mabaki yake hunata juu ya vitu na kuwa risasi-210, aina ya metali ya risasi yenye mionzi, ambayo huendelea kutoa mionzi kwa miaka mingi. Kwa hiyo vifaa hutunzwa ndani ya nitrojeni, na vyumba vingine hupulizwa hewa iliyochujwa radoni.

Hata metali safi huchafuka ikikaa juu. Muoni na nyutroni zikiigonga shaba, huzaa kobalti-60, yenye mionzi, ndani yake. Ndiyo maana kwa ajili ya jaribio la Majorana huko Sanford, wanasayansi waliikuza shaba yao chini kwa chini: waliiyeyusha kwenye tindikali na kuigandisha upya kwa umeme, atomi kwa atomi, kwa miezi mingi, ili isionje jua kabisa. Kila skrubu, kila waya na kila tone la gundi hupimwa kwanza. Nikiulizwa wanafizikia hawa hufanya nini kutwa nzima, jibu la kweli ni kwamba wengi wao wanapima skrubu, na mimi naliona hilo kuwa jambo la heshima kubwa.

Ni kweli wanatumia risasi kutoka meli zilizozama?

Ni kweli. Risasi huzuia mionzi vizuri, lakini inapotoka kiwandani huwa na risasi-210 ndani yake. Hiyo hupungua nusu kila miaka 22 hivi. Risasi iliyoyeyushwa na Warumi miaka 2,000 iliyopita imekwisha kabisa risasi-210. Meli moja ya Kirumi ilizama karibu na Sardinia ikiwa imebeba vipande kama elfu moja vya risasi, na baadhi yake vilipelekwa Gran Sasso kukinga jaribio la CUORE. Sehemu zenye maandishi ya Kirumi zilikatwa zikahifadhiwa, zilizobaki zikayeyushwa. Kwa sababu inayofanana na hiyo, feleji ya meli za kivita za Wajerumani zilizozamishwa Scapa Flow, Scotland, mwaka 1919 imekuwa ikitafutwa kwa vipimo nyeti, kwani ilitengenezwa kabla ya mabomu ya nyuklia kuchafua hewa.

Wanafunzi huniuliza kuhusu Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697. Kwa hesabu, risasi yoyote iliyozama wakati ule imepungua nusu kwa nusu (nusu-maisha) zaidi ya mara kumi na nne, kwa hiyo imebakiza chini ya sehemu moja kwa elfu kumi ya risasi-210 iliyokuwa nayo. Fizikia ingeipokea. Mimi naona isiguswe. Historia ya bandari yetu haina nakala ya pili, na risasi safi inaweza kutafutwa kwingine.

Wanatafuta nini basi kwa taabu yote hiyo?

Mambo matatu hasa.

La kwanza ni nyutrino za jua, chembe nyepesi mno zisizo na chaji. Kila sekunde, nyutrino bilioni 60 hivi kutoka jua hupita kwenye sentimita moja ya mraba ya mwili wako, na karibu zote hutoka upande wa pili bila kugusa kitu. Miaka ya 1960, Raymond Davis aliweka tangi la tani 615 za kemikali ya kufulia nguo kwa dobi wa kisasa ndani ya mgodi wa Homestake. Mara chache nyutrino ingeigeuza atomi ya klorini kuwa agoni, naye angezisaka atomi hizo za agoni. Aliendelea hivyo hadi miaka ya 1990, na jumla akanasa kama atomi 2,000 tu. Zilikuwa theluthi moja hivi ya zilizotarajiwa. Wengi walidhani kosa ni lake. Davis aliendelea kuhakiki kifaa chake mwaka baada ya mwaka, akashikilia hesabu yake.

Alikuwa sahihi. Mwaka 1998 Super-Kamiokande, tangi la tani 50,000 za maji safi chini ya mlima Japani, lilionyesha kwamba nyutrino hubadilika aina zikiwa njiani. Mwaka 2001 na 2002 jaribio la SNO huko Sudbury, likitumia tani 1,000 za maji mazito (maji yenye hidrojeni nzito), lilithibitisha kwamba nyutrino za jua zote zipo, ila theluthi mbili hivi zimebadilika kabla ya kufika. Maana yake nyutrino zina uzito, jambo ambalo nadharia ya wakati ule haikuwa nalo. Takaaki Kajita na Arthur McDonald walipata Nobeli mwaka 2015.

La pili ni maada ya giza. Mwendo wa nyota na magalaksi unaonyesha kwamba takriban asilimia 85 ya maada yote ulimwenguni haionekani. Ikiwa ni chembe, huenda mojawapo ikagonga kiini cha atomi ya gesi ya zenoni mara moja moja na kutoa mwanga hafifu. Jaribio la LZ huko Sanford lina tani 10 za zenoni ya majimaji kwa ajili hiyo. XENONnT iko Gran Sasso, PandaX iko Jinping.

La tatu ni mwozo wa beta maradufu usiotoa nyutrino, yaani kiini cha atomi kutoa elektroni mbili kwa mpigo bila nyutrino yoyote. Ukionekana, utatuambia kwamba nyutrino na antinyutrino, kinyume chake, ni chembe moja. Haujaonekana.

Maada ya giza imepatikana?

Bado. Kundi la DAMA huko Gran Sasso limedai kwa zaidi ya miaka ishirini kwamba linaiona, lakini ANAIS ya Canfranc na COSINE-100 ya Korea Kusini, zikitumia aina ileile ya fuwele, hazikuona kitu hicho. Mwaka 2024 LZ nao walitangaza kwamba hawajaiona. Mwaka huohuo XENONnT na PandaX-4T walianza kuona dalili za nyutrino za jua ndani ya zenoni yao. Zilezile ambazo Davis alizisaka kwa miaka thelathini sasa ni kelele kwa wanaotafuta maada ya giza, na hakuna mwamba wa kuzizuia.

Afrika ina sehemu yoyote katika historia hii?

Ina sehemu ya mwanzo kabisa, na inaniuma kwamba haisomeshwi. Mwaka 1965, kwenye mgodi wa dhahabu wa East Rand karibu na Boksburg, Afrika Kusini, Frederick Reines wa Marekani na Friedel Sellschop wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand waliweka kigunduzi chao zaidi ya kilomita tatu chini. Tarehe 23 Februari walinasa alama ya nyutrino iliyozaliwa angani. Mwaka huohuo kundi lingine liliona jambo hilohilo katika mgodi wa Kolar, India. Hizo ndizo nyutrino za asili za kwanza kugunduliwa, na shimo lile la Boksburg lilichimbwa kwa jasho la vibarua Waafrika chini ya ubaguzi wa rangi.

Leo kuna pendekezo la kujenga maabara huko Paarl, kando ya handaki la barabara la Huguenot, chini ya mwamba wa takriban mita 800. Kizio cha kusini kwa sasa kina Stawell, Australia, iliyofunguliwa mwaka 2022 ndani ya mgodi wa dhahabu.

Na Pwani ya Kenya?

Tuna undugu wa pembeni ninaoupenda sana. Tarehe 12 Desemba 1970, Sikukuu ya Jamhuri, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za anga ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ikapewa jina Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Nobeli ya Fizikia mwaka 2002, na walioshiriki naye tuzo hiyo ni Raymond Davis wa Homestake na Masatoshi Koshiba wa Kamioka.

Bahari haiwezi kufanya kazi ya mwamba?

Inaweza, kwa kazi fulani. Mita moja ya mwamba ni sawa na mita mbili na nusu hadi tatu za maji, kwa hiyo unahitaji kina kirefu kuliko cha Kilindini. Watafiti wa mradi wa KM3NeT wameshusha vihisi vya mwanga karibu mita 3,500 chini ya Bahari ya Mediterania, nje ya Sicily, na mwezi Februari 2023 walinasa nyutrino yenye nishati kubwa kuliko zote zilizowahi kuonekana. Lakini maji ya chumvi yana potasiamu-40, na chini kule kuna viumbe vinavyotoa mwanga. Kwa maada ya giza, bahari ina kelele mno.

Mombasa tunaweza kujenga ya kwetu?

Kisiwani, hapana. Tumekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji unayakuta baada ya mita chache. Jirani yetu wa kufikiriwa ni Taita: kilele cha Vuria kina takriban mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na Voi iko kama mita 600. Handaki la mlalo chini ya milima ile lingeweza kupata mwamba wa kutosha juu yake. Hayo ni mahesabu yangu ya ubaoni. Hakuna mradi wa namna hiyo, na bila barabara, reli au bomba la maji linalohitaji handaki hilo, hautakuwapo.

Vipi Mlima Mrima, Kwale, unaosemwa una mionzi?

Mrima una thori nyingi ya asili pamoja na niobi. Kwa majaribio haya ni mahali pabaya kabisa.

Je, haya yana uhusiano na kinu cha nyuklia kilichopendekezwa Uyombo?

Hapana, na naelewa kwa nini watu wa Kilifi na Mombasa wanauliza. Kinu huzalisha mionzi. Maabara hizi huikimbia. Hazihifadhi taka za nyuklia, na mtu anayefanya kazi ndani yake anapata mionzi kidogo ya anga kuliko wewe uliyeketi Makadara.

Mimi nisiye mwanafizikia nafaidika nini?

Faida kubwa ni kujua tumeumbwa na nini, na sioni haya kusema hivyo. Zipo na nyingine. Vipimo nyeti vilivyobuniwa kwa ajili hii hutumika kupima risasi-210 kwenye tope la bahari na mikoko ili kujua limejikusanya kwa kasi gani katika miaka 100 iliyopita. Ukiyajua mabadiliko ya mkono wa bahari wa Tudor hapa Mombasa, unaona thamani yake. Watengenezaji wa kompyuta za kwanta nao wamegundua kwamba mionzi ya kawaida huvuruga vifaa vyao, na wengine wanavijaribu chini ya ardhi.

Mwanangu anapenda mambo haya. Aanzie wapi?

Hesabu na fizikia, kwa bidii, kisha shahada ya fizikia. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa na Chuo Kikuu cha Pwani viko karibu. Baadaye aiangalie Shule ya Afrika ya Fizikia, inayofanyika kila baada ya miaka miwili tangu 2010 katika nchi tofauti za bara letu, na taasisi ya utafiti ya Kigali iliyo chini ya mwavuli wa ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia. Ajue pia kwamba maabara hizi huajiri mafundi wa umeme, wakemia na wahandisi wengi.

Naweza kuiona mionzi hii kwa macho yangu?

Ndiyo. Chukua chombo cha plastiki angavu, bandika kitambaa kizito ndani kwenye kitako chake, kiloweshe kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99, kisha kifunike kichwa chini juu ya bamba jeusi la metali lililolazwa kwenye barafu kavu. Spiriti ya asilimia 70 ya duka la dawa haifai, ina maji mengi. Zima taa, mulika kwa tochi kutoka ubavuni, subiri robo saa. Karibu na bamba utaona nyuzi nyeupe zikijichora na kutoweka: fupi nene ni za chembe za alfa, mara nyingi kutoka radoni ya chumbani, zinazopindapinda ni elektroni, nyembamba zilizonyooka nyingi ni muoni. Usishike barafu kavu kwa mkono mtupu, fungua madirisha kwa sababu ya hewa ya kaboni inayotoka, na usiwashe moto wowote karibu na spiriti.